Akshen figa ya Alien (1979) imefika Arusha: maoni yangu, na naomba msaada wa bega la kulia

MdauNjiro

Wakuu habari za jioni. Ile figa niliyokuwa naisubiri, yaani mdoli wa kukusanya wa mhusika wa filamu, imefika, nimeichukua leo pale Posta ya Mnara wa Saa nikaja nayo moja kwa moja nyumbani, na kwa vile tuko wachache huku kwetu tunaojua raha ya kufungua boksi la namna hii naona niwape ripoti kabla sijalala.

Ni lile dude la kutisha la angani la Alien, filamu ya kwanza kabisa ya mwaka 1979 ya Ridley Scott, siyo za baadaye. Skeli ni inchi 7, yaani binadamu wa kawaida anakuwa na sentimita 18 hivi, ila dude lenyewe linawazidi binadamu, nimelipima kwa rula linafika kama sentimita 23 likisimama wima, mkia sijauhesabu.

Nianze na kichwa maana ndicho kilichonifanya nitoe hela. Lile kava refu linalotoka usoni mpaka kisogoni ni plastiki inayopitisha mwanga, ina umoshi moshi, ukiliangalia kwenye taa ya sebuleni unaona jeusi linang'aa basi. Sasa chukua tochi ya simu ilaze ubavuni usawa wa taya, ndani linatokea fuvu la binadamu. Matundu mawili ya macho, mfupa wa pua, vimechongwa kabisa na vimepakwa rangi ya mfupa iliyochakaa, na aliyelipaka alijua fika kwamba wengi hawatakaa waone lakini kalipaka kwa uangalifu uleule wa mbavu za nje. Nimezima taa zote nimekaa na tochi hapo muda mrefu sana, nasogeza mwanga taratibu, macho yanakuja yanapotea. Kwenye filamu ndivyo lilivyokuwa, Giger, msanii aliyelibuni hili dude, aliweka fuvu chini ya kava, ila giza la ile meli ya angani linakuficha usilione vizuri.

Rangi. Wengi wanadhani hili dude ni jeusi tii, hapana. Hapa chini kuna weusi wenye ukahawia halafu juu wamepitisha brashi kavu yenye rangi ya fedha iliyofifia, kwenye mbavu na kwenye ile mirija ya mgongoni, na mikononi kuna rangi ya mfupa. Kuanzia kichwani mpaka kiunoni sina neno. Chini ya magoti ndo sijapenda, ile fedha imekuwa nyingi imekaa bapa mifereji yote imezibwa, yani unaona kabisa mkono wa mtu aliyekuwa na haraka.

Taya linafunguka na kale kataya ka ndani kenye meno kanatoka ukikavuta na kucha, kanarudi bila kukwama. Mkia una waya ndani, ukiukunja unakaa hivyohivyo.

Sasa shida. Bega la kushoto linazunguka vizuri, la kulia halisogei hata kidogo. Nikikaza naona kile kijiti cha kiungo kinataka kujipinda kwa hiyo nimeacha, siwezi kuvunja kitu nilichokisubiri hivi. La pili, haitaki kusimama yenyewe, nyayo ndogo halafu kichwa kirefu kinaivuta kwenda nyuma. La tatu nataka kuiweka kwenye kabati la kioo sebuleni ila lile kabati linapigwa na jua la asubuhi, kuna madhara? Naomba wenye uzoefu mnisaidie, na mwenye maoni yoyote kuhusu figa yenyewe aweke, nataka kusikia.

FundiPasua

Hongera sana mangi, nimeipenda hiyo ya fuvu.

Kwanza usiuguse tena huo mkono mpaka usome hapa. Kiungo chako si kibovu, kimegandishwa na rangi. Kiwandani wanaunganisha mkono kwanza halafu rangi inapulizwa mwili ukiwa tayari mzima, inaingia kwenye mwanya wa kiungo ikikauka inashika kama vile umetia gundi. Mabega na viuno ndo yanaongoza kwa hilo tatizo, nimefungua ya watu wengi sana hapa Moshi.

Halafu nyie wa Arusha mna la ziada. Plastiki ya hizi figa ni PVC, inalegea kwenye joto na inakuwa ngumu kwenye baridi, na hii miezi ya Juni Julai hapo kwenu asubuhi inaganda kama mafuta ya nazi kwenye kopo. Mtu anaamka anakamata mkono anazungusha, tak, kijiti kimebaki ndani ya bega. Kuvunjika kwingi ninakokutana nako ni kwa baridi.

Fanya hivi. Maji ya moto ya kwenye chupa ya chai yanatosha kabisa, yale yanayochemka jikoni acha. Mimina kwenye kikombe kirefu, ilaze figa kiubavu mkono uingie mpaka begani, kichwa kibaki nje na kikavu maana lile kava ni plastiki ya aina nyingine ngumu, joto la ghafla linaweza kulitia ukungu au ufa mwembamba ambao hautaondoka tena. Kama kwa maji unaona unashindwa kulinda kichwa basi tumia draya ya saluni, shikilia mbali kama shubiri, pitisha pitisha usikae sehemu moja, na kichwa ukifunike na kitambaa kibichi. Mkono ukishakuwa wa uvuguvugu shika KARIBU KABISA na bega, usishike kiwiko wala kiganja, ukishika mbali nguvu yote inaishia kwenye kijiti. Sogeza mbele kidogo, nyuma kidogo, usizungushe. Utasikia kamlio kadogo, hiyo ni rangi imeachia. Lakini ukiona plastiki inapauka inakuwa nyeupe pale kwenye kijiti, simama, hapo inachoka, rudisha kwenye joto uanze upya. Haraka hakuna.

Ikishaachia futa ile rangi iliyomeguka kwa mswaki laini, halafu tone moja la mafuta ya silikoni. Nenda kwenye jimu yoyote waulize mafuta wanayopaka kwenye mkanda wa mashine ya kukimbilia, ndo hayo. Ya kupikia hapana, ya cherehani hapana, na ile ya kopo ya kupuliza ya gereji hapana kabisa, inaweza kudhuru plastiki.

Kuhusu jua, hamisha kabati au hamisha figa, moja kati ya hayo. Plastiki inayopitisha mwanga ikipigwa jua kila siku inageuka njano, na kwako kava ndo kila kitu. Halafu joto linalegeza miguu. Huku Moshi tuko chini kuliko nyie, Februari ikifika tunaoga jasho, nina figa mbili nzuri tu magoti yaliinama yenyewe kidogo kidogo mpaka zikadondoka rafuni. Zikikaa kwenye joto bila hewa zinaanza pia kunata, ukishika unahisi utelezi, yale ni mafuta ya ndani ya plastiki yenyewe yanatoka. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, kausha vizuri, na kabati uliache wazi mara mojamoja lipumue.

DadaWaSakina

Kaka nimefurahi ulivyoanza na fuvu maana watu huwa wanakimbilia meno.

Naomba niongeze kitu ambacho kwangu mimi ndo sababu ya kuwa na hii figa na siyo nyingine yoyote. Yule aliyekuwa ndani ya lile vazi mwaka 1979 alikuwa Mwafrika. Bolaji Badejo, Mnigeria wa Lagos, alikuwa London anasoma sanaa, hakuwa muigizaji wala hakuwa ameomba kazi, mtu wa kutafuta waigizaji alimwona tu baa akamfuata. Alikuwa na urefu wa kama sentimita 208 na mwembamba, miguu mirefu mikono mirefu, na Ridley Scott alikuwa anatafuta mwili ambao mtazamaji akiuona akili yake ikatae kwamba kuna mtu ndani. Wakampeleka kujifunza taichi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, na uigizaji wa bila maneno ili mwendo wake uwe wa taratibu na wa kigeni. Akishavaa hawezi kukaa kwenye kiti kwa sababu ya mkia, ikabidi wamtengenezee bembea ya kupumzikia. Matukio ya hatari walivaa wengine, Eddie Powell na Roy Scammell, lakini lile umbo tunalolikumbuka, ule urefu, ni wa Badejo. Hakuigiza filamu nyingine, na alifariki 1992 hajafika hata miaka 40.

Mi nimekua naangalia hii filamu kwenye kanda, kwenye vile vibanda vya video mtu anatafsiri juu kwa juu, na hakuna siku mtafsiri alituambia hilo. Nilipolijua nilirudia filamu nzima namwangalia yeye tu.

Kwa hiyo angalia mapaja ya figa yako, angalia kiuno, angalia ule mkono ulivyo mrefu kupita goti. Kuna mtu hapo. Na ndo maana naomba sana usiiweke mkao wa kushambulia, mikono juu kucha zimetanuka, kila picha utakayoiona mtandaoni wameiweka hivyo na inakuwa dude lolote tu. Yeye kwenye filamu hana papara. Kunja goti moja kidogo, mgongo uupinde kwa mbele, kichwa kishuke kidogo ili mwanga wa juu uingie kwenye kava, mkono wa kushoto uwe karibu na kifua, na huo wa kulia ukishafunguka unyooshe chini kiganja kikiwa wazi, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Mkia uzungushe kwa nyuma uguse chini. Hapo unapata mguu wa tatu na kuanguka kunapungua sana, kichwa kikishuka mbele uzito nao unarudi katikati.

ChaliiWaNgarenaro

Mi niko tofauti na nyie hapa wakuu, heshima lakini. Kwangu bora zile za filamu ya pili ya 1986, aliyoiongoza James Cameron. Yeye kava aliliondoa kichwa kikabaki na matuta matuta, na mi naona matuta yanakamata rangi vizuri, unapata kivuli, kava linalong'aa ukipiga picha unaona taa ya chumbani kwako tu. Halafu zile unanunua kadhaa unazipanga rafu moja, moja inatambaa moja inaning'inia moja inatokea nyuma ya boksi, hilo ndo jambo. Moja peke yake imesimama katikati ya kabati inakuwa pambo.

Ila hiyo ya Mnigeria nilikuwa siijui aisee, asante dada.

DadaWaSakina

Chalii nakuelewa kwenye picha, kung'aa kunasumbua kweli, weka karatasi nyeupe mbele ya taa mwanga usije moja kwa moja utaona tofauti. Lakini kwenye ile ya 1979 hofu yote ni kwamba liko MOJA, kwenye meli ile watu walikuwa saba na dude moja linawamaliza mmoja mmoja na hawajui liko wapi. Ukizipanga kundi unapata vita, ni kitu kizuri, ila ni kitu kingine. Kwa hii mi ningetoa kila kitu kwenye hiyo rafu ibaki yenyewe.

MkongweKiborloni

Salaam kwa wote, vijana mnanikumbusha mbali.

Mimi figa zangu nyingi zimetoka kwenye mitumba, hapa Kiborloni na Memorial, mabelo ya midoli yakifunguliwa nasogea mapema. Nyingi zinakuja hazina mkono, hazina silaha, zimechorwa na kalamu, lakini mara mojamoja unapata kitu. Kwa hiyo nazungumza kama mtu ambaye kila siku anaona figa zinafikaje mwisho wa safari, na nasaha yangu kwa MdauNjiro ni kuhusu hilo kava.

Mwaka uleule wa 1979 kampuni ya Kenner ya Marekani ilitoa mdoli wa hili dude wa inchi 18, sentimita 45 hivyo, wa watoto. Filamu yenyewe watoto walikuwa hawaruhusiwi kuiona wakiwa peke yao, lakini mdoli uko dukani. Ukibonyeza nyuma ya kichwa taya linafunguka, mikono ina springi inakumbatia, na fuvu la ndani ya kava linawaka gizani. Watoto waliuogopa, wazazi wakalalamika, mauzo yakawa mabaya. Leo watu wazima wanautafuta kwa pesa nyingi sana, na ukiuona unauzwa jambo la kwanza wanalouliza ni moja, kava lipo? Kwa sababu kava ndilo lililopotea kwenye mingi. Lilikuwa linatoka, mtoto analivua anacheza nalo, kwisha. Mwili mzima uko salama na thamani imeondoka na kipande cha plastiki kisicho na rangi.

Kwa hiyo kijana, kama la kwako linachomoka usilichomoe kwa kuonyesha wageni. Usilifute na kitambaa kikavu, vumbi la kwetu lina mchanga, linakwangua, puliza kwanza halafu pitisha brashi laini ya kupakia poda, basi. Alama za vidole toa kwa kitambaa laini chenye maji kidogo. Spiriti usiguse. Na boksi pamoja na lile trei la ndani visikunjwe, hata vile viwaya walivyofungia mikono viweke kwenye bahasha ndani ya boksi. Siku ukihama nyumba utaona faida, hakuna kitu kitakachoibeba figa hiyo vizuri kuliko trei iliyochongwa kwa ajili yake.

Nauliza na kitu, je umeangalia chini ya nyayo? Za halali huwa zina alama ya mtengenezaji na mwaka, herufi ndogo sana lakini zinasomeka. Feki zimejaa, na feki za hili dude nazijua kwa mambo mawili, kava linakuwa na ukungu kama maziwa na ndani hakuna fuvu au lipo halina rangi, na harufu ya rangi haiishi hata ukiiacha nje. Kwa ulivyoeleza fuvu lako sina wasiwasi lakini angalia.

MamaWawili_Majengo

Jamani mimi nauliza kwa nia njema kabisa. Mume wangu anakusanya hivi vitu na mimi filamu za kutisha naangalia naye, sina tatizo. Tatizo ni mama mkwe akija kutoka Machame, anasema nyumba yenye sanamu la namna hiyo haiwezi kuwa na amani, mara ya mwisho alitaka litolewe nje kabla ya sala ya jioni. Na mtoto wetu mdogo ana miaka minne, hilo nalo linanisumbua zaidi ya la mama. Nyie mnafanyaje?

DadaWaSakina

Mama wawili pole. La mtoto mimi nalichukulia kwa uzito, miaka minne hajui kutenganisha, kwa hiyo chumba chenye mlango au kabati ambalo kioo chake kina pazia, na usiku lisiwe sehemu anayopita akienda chooni. Tena siyo suala la kumficha, kwangu mpwa wangu alipofika umri wa kuuliza nilimkalisha nikamwonyesha mkia una waya, nikampa aukunje mwenyewe, tangu hapo analiita kwa jina.

Kwa mama mkwe mimi ningemweleza kwa heshima kwamba hii ni kazi ya mchongaji. H. R. Giger alikuwa msanii wa Uswisi, dude limetoka kwenye mchoro wake wa mwaka 1976, na 1980 yeye na wenzake akina Carlo Rambaldi, yule aliyetengeneza mitambo ya kichwa na taya, walipewa tuzo ya Oscar kwa ajili ya kazi hiyo. Sisi hapa Arusha tunauza vinyago vya mashetani vya Kimakonde kwa watalii kila siku, vina mapembe na ndimi nje, na hakuna anayesema mchongaji kaleta mabaya, watu wanatazama mkono wa fundi. Akikataa bado, basi akija lifunike. Mama ni mama, nyumba ni ya amani yake pia.

MamaWawili_Majengo

Asante dada, hiyo ya kumpa mtoto mkia aukunje akishakua nimeipenda. Na la mama nitamwambia mume wangu alifunike yeye mwenyewe bila kusubiri aambiwe, hapo ndo kunakokwama.

MdauNjiro

Wakuu narudi na mrejesho.

Bega limefunguka. Nimefuata maelezo ya FundiPasua neno kwa neno, nikatumia draya ya dada yangu badala ya maji kwa sababu nilihofia kichwa, kitambaa kibichi juu ya kava, nikashika karibu na bega, mbele nyuma mbele nyuma, na kweli kamlio kakatoka, vipande vidogo vya rangi nyeusi kama unga vikaanguka mezani. Kijiti kimebaki na rangi yake ya awali, hakijapauka. Mafuta ya silikoni nimepata kwa jamaa wa jimu moja Kijenge, kanipa kidogo kwenye kichupa hakutaka hata hela. Sasa mabega yote mawili yanaenda sawa.

Dada wa Sakina mkao wako nimeuweka. Ilinichukua muda kuupata mgongo, kiungo cha kifuani kinapinda kidogo sana lakini kinatosha. Kilichonishangaza ni kichwa, kukishusha kidogo tu kile kijimwanga cha juu cha kabati kinapita ndani ya kava na fuvu linaonekana bila tochi, siyo sana, matundu ya macho tu. Mkono wa kulia umenyooka chini. Imesimama tangu jana bila msaada mkia ukiwa chini, ila lori likipita barabarani vioo vinatikisika na naiona inacheza, kwa hiyo bado nataka stendi.

Mzee wa Kiborloni chini ya unyayo wa kushoto alama ipo na mwaka upo, nimetumia kamera ya simu nikakuza. Kava langu nimejaribu kwa kucha halichomoki, limebanwa, na sitalijaribu tena. Boksi liko juu ya kabati la nguo na trei ndani, viwaya kwenye bahasha.

Kabati la kioo nimelihamishia ukuta wa ndani, mke wangu kasaidia kubeba. Kwenye rafu imebaki yenyewe.

Chalii sijakusahau. Za 1986 nitazitafuta, nakubali kundi lina raha yake, lakini zitakaa rafu ya chini.

Rangi ya chini ya magoti bado inaniudhi. Kuna mtu ashawahi kupunguza fedha ikizidi?

FundiPasua

Safi sana. Miguu usiikwangue. Chukua rangi ya maji ya akriliki, nyeusi na kahawia kidogo, izimue na maji mengi iwe kama chai ya rangi, paka ikimbilie kwenye mifereji halafu futa juu na pamba kabla haijakauka. Itarudisha vivuli. Jaribu kwanza nyuma ya kisigino pasipoonekana, na fanya mchana kwenye mwanga, usiku rangi inadanganya.

JoeUsaRiver

Mkuu samahani nimechelewa kuingia, ushuru ulikupigaje? Nataka kuagiza ya kwangu ila naogopa kufika pale naambiwa hela iliyozidi bei ya figa.

MdauNjiro

Joe jipange tu, kuna ushuru wa forodha halafu VAT asilimia 18 juu yake, na wanapiga hesabu pamoja na nauli ya kusafirisha, siyo bei ya figa peke yake, hapo ndo wengi wanashtuka. Chapisha risiti yako ya malipo uende nayo mkononi, bei iandikwe ile ya kweli, kama huna risiti wanakukadiria. Nilichofanya mimi niliagiza pamoja na rafiki yangu mmoja, mzigo mmoja, nauli tukagawana. Kama uko tayari sema, mimi nataka kuagiza stendi na Chalii atakuwa anazitaka zake za 1986.

ChaliiWaNgarenaro

Nipo, nihesabuni. Lakini stendi usiagize mkuu, ni kupoteza nauli. Nenda kwa mafundi wa mabango, wanakuwa na vipande vya plastiki ngumu ya akriliki vilivyobaki wanavitupa, mwambie akukatie mraba mweusi na akutoboe tundu moja. Pima kwanza tundu la kwenye unyayo wa figa kwa kijiti cha meno, kata kijiti pale kinapobana umpelekee fundi kama kipimo. Ya kwangu nimefanya hivyo zote na zimesimama.